Vikombe vya chuo si tiketi ya NFL

Kocha aking'ara chuoni Marekani, mashabiki huanza: "Mpeni timu ya NFL!" Pole pole, jamani. Urban Meyer alishinda mataji matatu ya vyuo, lakini Jacksonville ilimtimua 2021 baada ya mechi 13, akiwa ameshinda 2 tu. Chuoni kocha husaka vijana anaowataka, na neno lake ni sheria. NFL anakuta watu wazima wenye mikataba na familia, wengine wakilipwa kumzidi. Ukali wa mwalimu hauwatishi.

Ndiyo, Pete Carroll alitoka USC akaipa Seattle Super Bowl 2014. Lakini yeye alikuwa ameshawahi kunoa timu mbili za NFL. Kwa hivyo tusihesabu vikombe pekee. Tuulize: je, anajua kuongoza wakubwa wenzake?