Sakafu Haitakati kwa Mafuriko

Ndugu mwandishi aliyedai kwamba sakafu ya vigae haitakati ila kwa ndoo tele na povu jingi, na kwamba dekio la maikrofaiba ni anasa tu, amekosea, ingawa sishuku nia yake. Nyuzi za dekio hilo, za poliesta na poliamidi, zilizopasuliwa zikawa nyembamba kuliko unywele, hunasa vumbi na mafuta kwa unyevu haba, ilhali tambara lililolowa chepechepe husukumia uchafu katika viungio vya vigae, na sabuni iliyozidi huacha utando unaonata nyayoni. Na dekio hilo likidhoofika upesi, aghalabu sababu ni dawa ya kulainishia nguo, izibayo nyuzi. Lifuliwe kwa sabuni kidogo, lisuuzwe, lianikwe. Na maji hayo ya ndoo, katika mitaa inunuayo dumu kwa dumu, nani atayalipia?