Vitufe vyote vinafanya kazi, mbona tovuti inaanguka?

Siku ya matokeo, siku ya mwisho ya kulipa kodi, siku ya kuomba mkopo wa chuo. Unafungua tovuti kwenye simu, kiduara kinazunguka, bando linaisha, hola. Kesho yake wahusika wanasema mfumo "ulizidiwa".

Usishangae ukiambiwa mfumo huo ulijaribiwa na ukafaulu. Shida ni aina ya jaribio.

Funzo la Marekani

Oktoba 1, 2013, Marekani ilizindua HealthCare.gov, tovuti ya wananchi kununua bima ya afya. Mamilioni waliingia. Kumbukumbu za ndani za serikali, zilizowekwa wazi baadaye na kamati ya Bunge, zilionyesha kuwa hadi asubuhi ya siku ya pili watu 6 tu ndio waliokuwa wamefanikiwa kujiunga.

Wageni walitakiwa kufungua akaunti kwanza, hivyo wakabanana kwenye mlango mmoja. Oktoba 24, kampuni zilizojenga mfumo ziliieleza Kongresi kwamba jaribio la mfumo mzima, mwanzo hadi mwisho, lilifanyika wiki mbili tu kabla ya uzinduzi.

Roboti mmoja si umati

Mafundi wa programu wana skripti zinazojifanya mtu. Zinafungua ukurasa, zinajaza jina, zinabonyeza "Tuma", kisha zinaangalia kama jibu limekuja. Nyingi huandikwa kwa Selenium, programu ya bure iliyoanza 2004.

Zikipita, timu inapiga makofi. Lakini huyo ni roboti mmoja kwenye seva isiyo na watu. Ni sawa na kupima daraja kwa kumpitisha mtembea kwa miguu mmoja.

Kupima umati kunahitaji zana nyingine, kama JMeter, inayotuma maombi ya maelfu ya watumiaji bandia kwa pamoja. Kuandika skripti zake kuanzia sifuri ni kazi ndefu, na muda ukibana ni rahisi kuiahirisha.

Hamisha ulichonacho

Dawa ni kutumia tena kazi iliyokwishafanyika. Njia ni mbili.

Ya kwanza, unaiweka skripti ya Selenium ndani ya JMeter kwa kutumia kiongezo. Inafungua kivinjari halisi, na unaona sekunde anazosubiri mtu. Ila kivinjari kinakula RAM. Tuseme kimoja kinachukua megabaiti 300: watu 1,000 watahitaji gigabaiti 300 hivi. Kompyuta yako itakata pumzi kabla ya seva.

Ya pili, unaiendesha skripti mara moja huku JMeter ikikaa katikati ya kivinjari na seva, ikirekodi kila ombi linalopita. Rekodi hiyo ni nyepesi, na ndiyo unayoizidisha mara elfu.

Hapo kuna mtego. Rekodi imebeba jina la mtu mmoja na tokeni yake ya kuingilia. Usipozibadilisha, "watu" wako 1,000 ni mtu yuleyule. Seva inaweza kumpa jibu ililokwishaliandaa, au kumkataa haraka haraka, na ripoti ikatoka nzuri lakini ya uongo. Weka pia mapumziko, maana binadamu husoma kabla ya kubonyeza.

Busara ni kuchanganya: maombi mepesi kwa maelfu yaibane seva, huku vivinjari vichache halisi vikipima anachokiona mwenye simu.

Linakuhusu vipi?

Huduma zinazidi kuhamia mtandaoni, na foleni inahama nazo. Mfumo ukianguka, anayelipa ni wewe: bando limeliwa, siku ya mwisho imepita, faini inakusubiri.

Kwa hiyo ukisikia "mfumo umefanyiwa majaribio", uliza swali moja tu: na watu wangapi kwa wakati mmoja?