Kusema "Nimechoka" si Kukosa Imani

Wasee, kuna hii tabia ya kanisani lazima tuiongelee. Mtu anasema, "Aki leo naumwa." Kabla hata amalize ashakatizwa: "Ah ah! Usikiri hivyo! Sema umepona!" Mwingine anasema hana nauli, anaambiwa anajitabiria umaskini. Na sisi vijana tumeshika somo: nyamaza. Ukiulizwa uko aje, sema "nimebarikiwa", halafu rudi keja ulie peke yako.

Sikatai kwamba maneno yana nguvu. Methali 18:21 iko wazi, ulimi unaweza kuleta uhai na unaweza kuua. Lakini soma hizo methali zingine za ulimi. Nyingi zinaongelea uongo, umbea, hasira na jibu la upole, yaani maneno yanayomwendea mtu mwingine. Yakobo naye, sura ya 3, anaufananisha ulimi na usukani mdogo unaogeuza meli kubwa. Na kinachomkera ni nini? Kinywa kimoja kumsifu Mungu na kulaani watu. Hakuna mahali anasema ukitaja ugonjwa ndio utazidi.

Hii ya "kiri upokee" ilienezwa sana na wahubiri wa Marekani kama Kenneth Hagin, aliyeanzisha chuo cha Biblia cha Rhema mwaka wa 1974. Ina uzuri wake, tusidanganyane. Mtoto aliyeitwa mjinga tangu nasari anahitaji kujiambia kitu tofauti. Shida ni vile imegeuka kuwa ya kufunga watu midomo. Na cha kushangaza, wale wale wanaokataza "naumwa" ndio wako kwa grupu ya maombi wakiandika, "Tumwombee dada fulani, nasikia ana mimba." Hapo hakuna anayeogopa nguvu ya ulimi!

Sasa fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka tu kuona moto ukishuka Karmeli, na huyu hapa ameketi chini ya mti jangwani akimwomba Mungu amtoe uhai. Nabii mzima! Mungu hakumwambia afute hayo maneno. Malaika alimletea mkate na maji. Akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Kesi ya imani ndogo haikufunguliwa. Hata Yesu pale Gethsemane aliwaambia marafiki zake watatu wazi kabisa kwamba huzuni imemlemea kiasi cha kufa. Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio, inaisha gizani, na bado iko ndani ya Biblia.

Kwa hivyo msee akikuambia amechoka kuishi, halafu umjibu "usikiri hivyo", ni ulimi wa nani hapo unaua? Alikuwa amejikaza wiki mzima kutafuta hayo maneno. Umemfungia mlango, na labda hatabisha tena kwako wala kwa mwingine.

Jumapili hii kama hauko sawa, tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie vile mambo iko. Na kama ni wewe umeambiwa, weka mahubiri kando kidogo. Keti naye. Muulize kama amekula. Kisha mwende pamoja mkaone mshauri au daktari, na njiani mnaweza kuomba.