Bonanza Peke Yake Halishushi Presha

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Ofisi nyingi ziliitika kwa bonanza: fulana mpya, muziki, picha za mabosi wakikimbia. Jumatatu, watu wale wale hukaa vitini kutwa nzima, na kantini huwauzia chai ya vijiko vinne vya sukari, maandazi, kisha chipsi mayai na soda.

Hatupingi bonanza, linachangamsha. Lakini wengi hujua wana presha wakiwa wameshapooza upande mmoja. Kwa bei ya fulana chache, ofisi hupata mashine ya kupimia. Vipimo vikirudia kugonga 140/90, mfanyakazi aruhusiwe kwenda kliniki bila kukatwa mshahara.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inazungumzia upimaji wa afya, ila majibu lazima yawe siri. Nani atapima sukari akijua faili litasomwa na bosi anayeamua mkataba wake? Na zabuni ya kantini ikitangazwa tena, matunda, mboga na maji yawe sharti.