MVUA HAIPIMWI KWA MACHO

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti la chama chetu niseme neno juu ya jambo liwahusulo makarani washikao daftari za mvua, na wakubwa wao waidhinishao fedha za mitaro.

Wako wasemao ya kuwa Baray ni nchi kavu, kwa hiyo kalvati jembamba latosha. Neno hili si kweli, tena ni la hatari. Baray iko bondeni, upande wa Ziwa Eyasi, lililo kama mita 1,030 juu ya bahari; na juu yetu umesimama mlima Oldeani upitao mita 3,000. Mvua ikinyesha huko, maji hayaulizi kama huku chini kumenyesha, hushuka tu kuelekea ziwani. Apimaye mvua ya bondeni peke yake, akaiacha ya mlimani, amehesabu nusu ya deni.

Kosa la pili ni kutegemea jumla ya siku. Kipimamvua cha kawaida husomwa saa tatu asubuhi. Kikionyesha milimita 60, hakisemi zilianguka kwa muda gani. Tufanye hesabu. Juu ya hekta 1 ya mabati na ardhi ngumu isiyonywa maji, milimita 60 ni lita 600,000. Zikianguka polepole kwa saa 24, mtaro utachukua lita 7 hivi kwa sekunde. Zikianguka zote kwa saa 1, utatakiwa kuchukua lita 167. Tarakimu ya daftari ni ile ile, lakini mtaro uliopona siku ile ya kwanza utabomoka siku hii ya pili.

Tena wengine wakisikia "mvua ya miaka 10" hudhani kwamba ikisha kuja watalala usingizi miaka 9. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka ina nafasi 1 katika 10. Na katika miaka 10, nafasi ya kuiona walau mara moja ni kama 65 katika 100.

Wala tusiseme elimu haipo. Mwaka 1974 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilichapa njia ya kukadiria mvua kali za Kenya, Uganda na Tanzania, kutoka mvua ya siku mpaka ya saa na dakika. Lakini njia hiyo ilijengwa kwa daftari za zamani. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Tusingoje hesabu ya namna hiyo ndipo tushike kalamu.

Basi chama kidai mambo mawili: vipimamvua vijiandikiavyo vyenyewe viwekwe mlimani na bondeni kwa shauri la Mamlaka ya Hali ya Hewa, na asipewe mtu fedha za mtaro kabla hajaonyesha hesabu ya ukali wa mvua.

Nasi makarani tuna wajibu wetu. Siku isiyosomwa iandikwe kuwa haikusomwa. Sifuri ya uongo leo ni kalvati jembamba kesho, na atakayesombwa si yule aliyeiandika.

Ni mimi,
Karani wa Baray