Majani ya Rangi Mbili
Kwenye vitalu vya kando ya barabara jijini Dar es Salaam, mimea yenye majani ya mabaka ndiyo inayovuta macho kwanza, na sishangai: kona yenye kivuli chini ya mwembe huchangamka kwa mstari mmoja tu wa njano. Lakini muuzaji akwambie ukweli wote. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, haijitengenezei chakula. Ndiyo maana mingi ya mimea hii hukua polepole, na jua kali la saa saba huubabua ule weupe hadi ukakauka kama karatasi. Tazama sansevieria yenye kingo za njano. Ukikata jani lake ukalipanda, litatoa mizizi vizuri, kisha watoto watachipua kijani kitupu, maana jani lile lina seli za aina mbili, na chipukizi huzaliwa na zile za kijani. Ukitaka njano ibaki, gawanya shina lake la chini ya udongo. Na tawi la kijani kitupu likijitokeza kwenye mmea wa mabaka, likate mapema. Lina nguvu zaidi, litawameza wenzake. Mimi ningepanda mmoja, katikati ya kijani kingi. Bustani nzima ya mabaka huchosha macho.