Nyumba ya Ukumbusho na Jina Lake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kuwaeleza ndugu wanachama fikira moja iliyonikaa moyoni siku nyingi, nayo ni juu ya majina ya nyumba za ukumbusho. Najua wako watakaosema kwamba jina ni maneno tu yaliyochorwa juu ya mlango, na ya kwamba chama chetu kina mambo makubwa zaidi ya kujadili, kama mishahara na nyumba za kukaa. Nawataka radhi hao. Sisi makarani ndio tuandikao majina ya nchi hii katika faili, katika bahasha na katika vibao. Basi haitupasi kuyaandika bila ya kuyafikiri.

Nitatoa mfano wa nyumba moja ambayo wengi wetu tumepita mbele yake. Katika mji wa Dar es Salaam iko Nyumba ya Makumbusho ya Taifa. Iliasisiwa mwaka 1934, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1940, nayo ikapewa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1936, ili iwe ukumbusho wake. Nchi ilipokwisha kupata uhuru wake Desemba 1961, jina la mfalme likaondoka, na nyumba ikawa ya taifa. Leo ukimwuliza mpita njia, atakuelekeza Makumbusho, wala hatakutajia mfalme. Jina lile lilichorwa kwa amri, likafutwa kwa amri, na raia hakulilia.

Lililobaki ni neno moja tu, Makumbusho. Nalo ni neno zuri kuliko tulidhanivyo. Asili yake ni kukumbuka, na kukumbusha ni kazi ihitajiyo watu wawili: yuko akumbushaye, na yuko akumbushwaye. Kwa hiyo kila mara raia alitamkapo jina la nyumba ile, hata kondakta wa daladala anaponadi kituo cha Makumbusho, ambacho jina lake limetokana na Kijiji cha Makumbusho kilicho karibu, ulimi wake unauliza swali bila ya yeye kujua: nani akumbukwe?

Sasa nawapeleka mahali pengine katika mji ule ule, ambapo hapakuwekwa ukumbusho wowote kwa amri. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao walipigishwa kambi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakalisikia jina hilo, wakalitia katika vinywa vyao, likawa Kariakoo. Na Nairobi pia uko mtaa wa Kariokor, kwa asili ile ile. Wapagazi hao walibeba mizigo ya vita mabegani, nao wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 yawataja kwa jumla, kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini haitaji jina la mtu hata mmoja.

Babu yake baba yangu alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa akaenda, hakurudi. Kwetu hakuna kaburi lake. Nilipokuwa mtoto, baba alinipeleka Kariakoo kuninunulia madaftari ya shule, akasimama katikati ya watu, akaniambia, "Hapa ndipo lilipoandikwa jina la babu yetu." Nikatazama ukutani nisione kitu. Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba ukuta aliounena ni vinywa vya watu.

Ndugu wanachama, pimeni wenyewe. Jina la mfalme lilikuwa na jiwe, likapotea. Jina la wapagazi halikuwa na jiwe, nalo latajwa kila siku na wauza nyanya na wachukuzi wa magunia. Kwa raia wa kawaida, jina la nyumba lina maana pale linapogusa jambo lililompata yeye au wazee wake. Songea iko nyumba ya ukumbusho iitwayo kwa jina la Maji Maji, vita vya 1905 mpaka 1907, na mtu wa huko hahitaji karani wa kumfasiria jina hilo, kwa kuwa amelisikia kwa bibi yake kabla ya kulisoma.

Wako wapendao kila nyumba kubwa ya taifa iitwe kwa jina la mkubwa fulani. Siwalaumu, kwani wakubwa nao walitenda mengi mema. Lakini mimi naona jina la Makumbusho lafaa kuliko majina hayo, kwa kuwa limeacha mlango wazi. Hata njia ipitayo mbele ya nyumba ile yaitwa kwa jina la Shaaban Robert. Kabla ya sifa zake kuenea alikuwa karani wa forodha, mtu wa meza na kalamu kama sisi. Mfalme ameondoka mlangoni, na karani amebaki njiani. Hilo nalo ni somo.

Hata hivyo jina zuri ni deni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami sina budi kuungama kosa langu. Mimi niliyeweka majina ya maelfu ya watu katika faili, kila moja kwa tarehe na nambari yake, sikupata kumwuliza baba jina kamili la mzee yule mpagazi. Nalijua lakabu lake tu. Baba amekwisha kufariki, na wa kumwuliza hayuko tena. Nani nimlaumu, ikiwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu?

Kwa hiyo natoa shauri. Kila mwanachama na aandike katika karatasi moja majina ya wazee wa kwao aliojaliwa kuwasikia: jina, mahali, kazi, na mwaka kama wajulikana. Nakala moja ibaki nyumbani, na moja iletwe kwa katibu wa tawi, ili chama kizikusanye na kuwaomba wenye Nyumba ya Makumbusho wazipokee. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lilitafutiwa mahali pa kuhifadhiwa humo, ingawa hakuna ajuaye liliitwaje na mama yake. Wazee wetu majina wanayo, na wako hai bado wayajuao. Tusiyaache yakazikwa pamoja nao.

Siku raia atakapoingia mlango ule akalikuta jina la kwao, hapo ndipo neno Makumbusho litakapokuwa limelipa deni lake.

Wasalaam,

Ni mimi,
Karani wa Masjala